Ni Nani Aliyekuwa Akiendesha Gari?

Askari wa barabarani ana uso. Dereva aliyesimamishwa humwona, humsalimu, hueleza kwamba mgonjwa anangoja hospitali au kwamba mteremko ulimsukuma. Askari naye humsikiliza, humpima kwa macho, kisha huamua kumwandikia au kumwonya na kumwacha aende zake. Wasomaji walio katika polisi wanayajua mazungumzo hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Madereva nao wana dawa yao ya zamani: wakipishana njiani huwashiana taa, ili anayekuja ajue kwamba mbele kuna askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Anayekuja hupunguza, hupita kwa adabu, na akishapinda kona huendelea na mbio zake.

Kamera haina uso. Haisalimiwi wala haiombwi radhi, na hapana mwenzako njiani awezaye kuionya isikuone. Hupiga picha ya kibao cha namba, na barua hufuata baada ya siku kadha. Lakini kwa ujuzi wake wote, kamera aghalabu haijui jambo moja ambalo hata mtoto aliyekaa kiti cha nyuma analijua: ni nani aliyekuwa ameshika usukani. Hilo hapana budi serikali iulize kwa barua, na nyumba ndiyo hujibu. Hapo ndipo jambo la barabarani linapogeuka kuwa jambo la jamaa.

Swali hilo liliwahi kuingia katika nyumba moja ya Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia. Mwenye nyumba ni sajenti mstaafu wa polisi, aliyesimama miaka mingi kwenye vizuizi vya barabara ya kwenda Mansa, akikagua malori ya samaki na mabasi ya abiria. Binti yake ni muuguzi nchini Uingereza. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, yuko huko huko, akifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kazi ambayo humtaka aendeshe gari kutoka mlango hadi mlango tangu alfajiri. Dada huyo huuza samaki wadogo wakavu, wale waitwao chisense, katika soko la Kashikishi, na katika miezi ambayo biashara ni mbaya yeye na wadogo zake huyo kijana huishi kwa fedha anazowapelekea.

Mzee alikwenda kumtembelea binti yake kwa majuma sita. Siku ya kurudi binti alikuwa zamu hospitali, basi mpwa akachukua gari la binamu yake ili ampeleke mjomba uwanja wa ndege. Bima iliruhusu jambo hilo. Kuagana na jirani kulichukua muda, mizigo ikafungwa upya kwa kuwa ilizidi uzito, na walipotoka saa zilikuwa zimekwenda. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema: "Kaza mwendo kidogo, mwanangu. Ndege haimngoji mtu." Mpwa akakaza. Waliwahi, wakaagana, na mzee akafika nyumbani salama.

Alikuwa hajamaliza siku kumi Kashikishi binti alipompelekea katika simu picha ya karatasi aliyoipokea. Gari lake limeonekana likienda maili 38 kwa saa mahali pasiporuhusiwa kuzidi maili 30. Yaani kilomita 61 badala ya 48. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye gari aliyeandikishwa, aliambiwa ajaze jina na anwani ya aliyekuwa akiendesha, atie sahihi, na arudishe karatasi katika muda wa siku 28.

Mtu aliyezoea barabara zetu atasema kwamba kilomita 13 si kitu. Lakini nguvu ya gari linapogonga haiongezeki kwa hesabu ya kujumlisha; hupanda kwa mraba wa mwendo. Gari lile lile likienda 61 hubeba nguvu inayozidi kwa zaidi ya nusu ile ya gari liendalo 48. Mwenye kulipa tofauti hiyo ni mtoto anayevuka kwenda shule, au mzee mwenye mkongojo. Sheria ya maili 30 ni ya mitaa wanamokaa watu, na barabara ile ilikuwa mtaa wanamokaa watu.

Kamera yenyewe ina historia ya kuchekesha. Aina iliyoenea sana hapo awali ilibuniwa na Mholanzi Maurice Gatsonides, bingwa wa mashindano ya magari aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953. Alitengeneza chombo cha kupima mwendo wake mwenyewe ili ajifunze kupita kona kwa kasi zaidi. Baadaye chombo hicho kikawa cha kuwakamata wenye kasi. Uingereza ilianza kutumia kamera za namna hiyo mwaka 1992, katika jiji la London. Hupiga picha mbili, moja nusu sekunde baada ya nyingine, na mistari myeupe iliyochorwa barabarani huonyesha gari limesogea kiasi gani kati ya picha hizo. Nyingi kati yake hupiga kutoka nyuma. Picha aliyopelekewa binti ilionyesha buti la gari, kibao cha namba na mistari ile. Uso haukuwamo.

Mpwa alipoarifiwa aliona haraka hatari yake na mlango wa kuikimbia. Adhabu ya kawaida ya kosa kama hilo ni paundi 100 na pointi 3 katika leseni. Dereva mwenye kosa dogo huweza kupewa nafasi ya kuhudhuria somo la mwendo salama badala ya pointi, lakini somo hilo halirudiwi kabla ya miaka mitatu kupita, naye alikwisha kulihudhuria. Zaidi ya hayo alikuwa tayari na pointi 3 za kosa jingine. Na sheria ya huko husema kwamba dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani wake, akifikisha pointi 6 hunyang'anywa leseni, aanze tena tangu mwanzo, maandishi na vitendo. Kwa mfanyakazi ambaye leseni ndiyo jembe lake, na ambaye ruhusa yake ya kukaa nchini imefungamana na mwajiri, hilo halikuwa jambo dogo.

Akapiga simu Kashikishi. "Mjomba," alisema, "wewe umekwisha kurudi nyumbani. Dada na aandike jina lako. Leseni yako ya Zambia ilikuruhusu kuendesha huku kama mgeni, kwa hiyo hawatashangaa. Faini nitalipa mimi. Na pointi za Uingereza hazivuki Ziwa Mweru."

Mzee hakumjibu siku ile.

Jioni dada yake akaja, akakaa mkekani, akaanza kwa heshima kama ilivyo desturi, kisha akafika kwenye neno lake. Katika watu wa Luapula ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye ukuta wa watoto wa dada yake. "Kaka," alisema, "mtoto huyu ni wako kabla hajawa wa baba yake. Na aliyemwambia akaze mwendo ni nani? Jina lako likiandikwa, utapungukiwa nini? Jina lake likiandikwa, sisi sote tutalala njaa."

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na mzee aliyapima usiku kucha. Ni kweli kwamba haraka ilikuwa yake. Ni kweli pia kwamba hakutarajia kuendesha gari Uingereza tena maishani mwake. Kwa upande mwingine, alikumbuka madereva wangapi kwenye kizuizi walioruka haraka kiti cha abiria na kusema kwamba aliyekuwa akiendesha amekimbilia porini. Aliwacheka wakati ule. Na hata hivyo aliona kwamba hakuna aliyewahi kusema uongo ule kwa ajili ya raha. Kila mmoja alikuwa na watoto.

Mkewe ndiye aliyefungua fundo. Alisikiliza pande zote, akauliza swali moja: "Mnasema jina la baba, kazi ya mtoto, chakula cha shangazi. Lakini karatasi hiyo atatia sahihi nani?"

Atakayetia sahihi ni binti. Karatasi ile ilikwenda kwake, na si kwa mzee wala kwa mpwa. Wote wawili walikuwa wakijadiliana juu ya ukarimu wao, ilhali ukarimu huo ungelipwa kwa mkono wa mtu wa tatu. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 172, mwenye gari asiyejibu swali la nani aliendesha huweza kutozwa faini hadi paundi 1,000 na kupewa pointi 6, adhabu kubwa kuliko ya kosa lenyewe. Na akijibu kwa uongo, kosa halihesabiwi tena kuwa la barabarani. Huwa ni kuipotosha haki, na adhabu yake ni gereza. Muuguzi aliyetiwa hatiani ni lazima pia atoe habari kwa baraza linalosimamia wauguzi, ambalo lina uwezo wa kumfuta katika orodha.

Asidhani mtu kwamba haya ni vitisho vya vitabuni. Mwaka 2003 mwanasiasa Chris Huhne alipigwa picha na kamera ya mwendo, naye alikuwa karibu kupoteza leseni. Mkewe, Vicky Pryce, mchumi mashuhuri, alikubali kuandikwa kuwa yeye ndiye aliyeendesha. Pointi 3 zikaingia katika leseni ya mke, na nyumba ikatulia. Huhne akapanda cheo hadi akawa waziri. Kisha ndoa ikavunjika, na siri iliyowekwa na wawili haikuwa tena na mlinzi. Mwaka 2012 Huhne alijiuzulu uwaziri, na mwezi Machi 2013 mume na mke waliotalikiana walihukumiwa, kila mmoja miezi minane gerezani. Uongo ulikaa kimya miaka mingi, na wala haukufa.

Huko Australia mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2006 Marcus Einfeld, aliyekuwa jaji wa mahakama ya shirikisho kabla ya kustaafu, alitakiwa alipe faini ya dola 77 kwa kwenda kilomita 60 mahali pa 50. Akaapa mahakamani kwamba gari lilikuwa na rafiki yake kutoka Marekani. Mwandishi wa habari akatafuta, akagundua kwamba rafiki huyo alikwisha kufariki miaka mitatu kabla ya siku ile. Mwaka 2009 jaji huyo, mtu wa sifa kubwa katika nchi yake, alihukumiwa miaka mitatu jela. Dola 77 angezilipa asubuhi moja na kuzisahau kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi mzee alimpigia mpwa wake. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba jina litakaloandikwa ni la yule aliyeendesha, kwa kuwa dada yake hatatia sahihi jambo lisilokuwapo. Alimwambia pia kwamba haraka ilikuwa ya mjomba, kwa hiyo paundi 100 zitatoka katika pensheni ya mjomba, hata kama ni kwa miezi mingapi. "Mguu ulikuwa wako, na huo siwezi kuubeba," alisema. "Fedha naweza kuibeba. Nenda kamwambie mwajiri wako leo, kabla barua haijamfikia kwa njia nyingine."

Kijana alinyamaza muda mrefu, akakata simu bila kuaga. Siku ya pili alimpigia binamu yake akampa tarehe, anwani na namba ya leseni yake. Karatasi ikarudishwa siku ya kumi na nne, nusu ya muda uliowekwa.

Familia zenye mtu ng'ambo, iwe kwa kazi, masomo au mafunzo ya kijeshi, zinaweza kupata mafunzo ya manufaa katika habari hiyo. La kwanza ni kusoma tarehe kabla ya kusoma kiasi. Barua ya namna hii ina siku zake, na siku hizo hazisimami kwa sababu msomaji amekasirika. Kwa mtu wa Nchelenge ambaye barua zake huja kwa sanduku la posta, ni vema anayekodi gari ng'ambo aache pia anwani ya barua pepe na namba ya simu, kwa maana kampuni ya kukodisha itatoa jina lake kwa polisi, na mara nyingi itamtoza gharama yake yenyewe juu ya faini.

La pili ni kujua kwamba kila nchi ina desturi yake. Italia huweza kumpelekea mkaaji wa nchi ya nje hati ya faini hadi siku 360 baada ya kosa; kwa hiyo aliyerudi salama asidhani kwamba ukimya ni msamaha. Katika Falme za Kiarabu faini huandikwa katika jalada la gari, na gari haliandikishwi upya hadi ilipwe. Abu Dhabi iliondoa mwaka 2018 ile nafasi ya kilomita 20 ambayo madereva walizoea kuiongeza juu ya kibao. Dubai haikufuata wakati huo, na dereva aliyetoka emirati moja kuingia nyingine akadhani sheria ni ileile. Afrika nayo haiko mbali na mambo haya. Zambia, kupitia wakala wake wa usafiri na usalama barabarani, RTSA, iliingiza kamera za mwendo mwishoni mwa miaka ya 2010. Uganda ilianza mwezi Juni 2025 kutoza faini kwa kamera, na malalamiko yalikuwa makali hivi kwamba mpango ulisimamishwa mwezi huo huo ili upitiwe upya.

La tatu ni kudai haki bila kusema uongo. Mtu anaweza kuomba kuonyeshwa picha. Anaweza kukagua kama namba ni ya gari lake na kama tarehe ni sahihi. Akiona kosa, anaweza kukataa faini na kwenda mahakamani. Hayo yote ni halali. Kinachokatazwa ni kuazima mkosaji. Kadhalika ajihadhari na matapeli wanaotuma ujumbe wa simu wenye faini za kubuni, wakitaka kulipwa upesi kwa kubonyeza mahali fulani. Barua ya kweli hutaja gari, mahali, saa na mwendo. Na malipo hufanywa kwa njia iliyotajwa na ofisi yenyewe, baada ya kuthibitisha.

La nne, ambalo ni la nyumbani zaidi, ni kuuliza swali la yule mama: atakayetia sahihi ni nani? Jamaa wakikusanyika kumwokoa mmoja wao, ni rahisi kumsahau yule ambaye mkono wake ndio utakaotumiwa. Mara nyingi ni mtu mpole wa familia, asiyependa kumkatalia mtu.

Mpwa alinyang'anywa leseni kama alivyohofu. Mwajiri hakumfukuza, kwa kuwa alikwenda mwenyewe kueleza. Alimpa wazee wanaokaa karibu karibu, awafikie kwa miguu na kwa basi, na saa zake za kazi zikapungua. Fedha za kwenda Kashikishi nazo zikapungua. Ikawa ni wakati wa marufuku ya uvuvi, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ambayo mchanga wa ufukweni hauna chisense wa kuanikwa na meza za soko hubaki tupu. Dada hakuja nyumbani kwa kaka yake miezi hiyo mitatu. Mkewe mzee alikuwa akimpelekea unga kila Jumamosi, akiuweka mlangoni bila maneno.

Kijana alifanya mtihani wa maandishi akafaulu. Wa vitendo alianguka mara moja, akafaulu mara ya pili. Mwezi Machi mitumbwi ilipoingia tena majini, dada alipita nyumbani kwa kaka yake akitoka sokoni, akaweka beseni chini, akamimina chisense katika ungo wa wifi yake. Hakutaja barua, wala mzee hakuitaja. Aliuliza tu kama chai ipo, akaambiwa akae.